Wa Mwisho Kupita

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa mia nne na thelathini,
taa vichwani, tukikanyaga matope nyuma ya kanisa,
kila mtu ananuka dawa ya misuli.
Sasa ni alasiri, na nyuma yangu
kuna mtu mmoja tu:
Oihan, mwana wa seremala,
kijana wa miaka ishirini na miwili ambaye kazi yake
ni kumfuata wa mwisho
akifungua tepe za rangi ya chungwa vichakani.

Nikipita, njia inafutwa.
Sikuelewa hilo mpaka nilipogeuka
kwenye mteremko wa tatu, kutafuta nilikotoka,
nikakuta mlima umerudi kuwa mlima:
mawe ya chokaa, kondoo, ukungu,
wala hakuna alama kwamba watu waliwahi kushindana hapa.

Mwenda pole hajikwai, husema watu.
Waje huku kwetu, milima ya Wabaski.
Nimekwenda pole tangu kilometa ya ishirini
na nimejikwaa mara tisa, nimehesabu,
maana mawe haya hayana adabu,
hayajui shikamoo,
yanamuuma kifundo bibi wa miaka sitini na saba
kama yanavyomuuma mvulana.
Ukitaka usawa duniani, njoo uutafute hapa,
kwa magoti yako.

Goti la kulia nililiharibia jikoni:
miaka thelathini na mmoja juu ya saruji,
masufuria ya dengu ya kulisha shule nzima.
"Nilizichukia dengu zako," Oihan ananiambia
tukipanda. Nacheka mpaka nakosa pumzi,
na pumzi sina ya kuchezea.
Kupanda, mikono juu ya mapaja, nasukuma chini
kama mtu afungaye sanduku lililojaa kupita kiasi.
Kushuka ndiko kubaya. Kushuka,
mwili unakusomea deni lote, senti kwa senti.

Fermin aliniuliza jana, akinimenyea yai:
unakimbia kumwonyesha nani?
Sikuwa na jibu. Bado sina.
Najua tu kwamba kuna dakika, labda kumi katika siku nzima,
pale njia inapopita juu ya mgongo wa mlima,
upepo unakuja kutoka pande mbili,
mguu unachagua jiwe kabla sijaliona,
na mimi si mzee wala si kijana,
ni kitu kinachopita.

Kilometa ya sitini na moja: kibanda cha mchungaji,
meza, sufuria ya supu, saa kubwa ya betri.
Joxepa ameshika kalamu.
Tumekuwa majirani tangu meno ya utoto.
Anaitazama saa, ananitazama mimi, anautazama ukungu
kana kwamba ukungu ungeweza kutoa ushahidi.
Dakika sita.
"Macho yangu," anasema, "labda saa yenyewe..."
"Andika, Joxepa."
Akaandika. Akanikata chipu mguuni kwa kisu cha jibini.
Nikanywa supu, nikalia kidogo ndani ya bakuli;
chumvi ilikuwa imepungua hata hivyo.

Gari la kuturudisha lilikuwa linaunguruma.
Mwenzake Oihan alikwisha kupanda,
kifundo kimevimba kama kiazi.
Zimebaki kilometa kumi na tisa,
tepe mia mbili, kijana mmoja, na usiku.
"Hizo tepe," nikasema, "utazifungua peke yako?"

Basi nikaibandua namba 214 kifuani,
nikaikunja mara nne, nikaitia ndani ya soksi.
Tukagawana njia, yeye kushoto, mimi kulia,
nikajifunza kwamba fundo lililofungwa na mtu mwenye haraka
likilowa umande halitaki haraka:
lazima usimame, uvue glavu, ulibembeleze.

Saa saba usiku tukaingia mjini.
Tao la kumalizia lilikuwa limetolewa upepo, limelala barabarani
kama nyangumi. Tukalipita kando.

Jumatatu Fermin alitoa nguo kwenye mashine
akakuta tepe kumi na moja zimeng'ang'ania suruali yangu.
Akazianika kambani, moja moja, kwa vibanio,
bila kuuliza.